Ndege za Kivita za Manowari, Majeshi Yaliyozitumia na Kumbukumbu Tunazopoteza Gusii

Mada kwa semina ya walimu wa Historia na Serikali, Kisii na Nyamira

1. Maana

Ndege ya kivita ya manowari ni ile iliyoundwa kupaa na kutua juu ya meli ya kubebea ndege. Ina kulabu mkiani ya kuinasa inapotua, na aghalabu mabawa yake hukunjwa. Haya mnayajua, kwa hiyo sitakawia.

2. Majeshi yaliyozitumia

Mfano unaotosha ni Hawker Sea Fury ya Uingereza, iliyoingia kazini mwaka 1947. Walioirusha kutoka melini ni Uingereza, Australia, Kanada na Uholanzi. Tarehe 9 Agosti 1952, katika vita vya Korea, marubani wa meli ya HMS Ocean walitangaziwa ushindi dhidi ya MiG-15, ndege ya jeti, ingawa Sea Fury iliendeshwa kwa rafadha. Iraq, Pakistan, Misri, Burma, Kuba na Moroko nazo zilikuwa na Sea Fury, lakini ziliirusha kutoka nchi kavu. Za Iraq hata kulabu hazikuwa nayo. Za Kuba zilishambulia meli za wavamizi katika Ghuba ya Nguruwe, Aprili 1961. Ujerumani Magharibi ilizitumia kuburura shabaha za mazoezi. Karibu na kwetu, Ethiopia ilipata Fairey Firefly zilizokuwa za jeshi la majini la Kanada.

Kenya haimo katika orodha hiyo. Jeshi letu la majini, lililoanzishwa tarehe 12 Desemba 1964, halijawahi kuwa na meli ya kubebea ndege. Mwanafunzi akifika hapo hufunga daftari, na mwalimu humwacha. Nalisema hili kwa heshima, lakini nalisema: hapo tunakosea sana.

3. Tatizo

Orodha hutaja aliyenunua ndege. Haimtaji aliyekuwa chini ndege hiyo ilipofika.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 uasi ukazuka Jinja, na tarehe 24 ukafika kwetu, Lanet, katika kikosi cha 11 cha Kenya Rifles. Asubuhi ya tarehe 25 helikopta za HMS Centaur ziliwashusha makomando wa Uingereza Colito. Meli hiyo ilibeba pia Sea Vixen, ndege ya jeti ya manowari ambayo hakuna jeshi lingine duniani lililowahi kuitumia isipokuwa la majini la Uingereza. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta Afrika Mashariki katika orodha ya watumiaji wa Sea Vixen hataiona, ilhali meli iliyozibeba ilifika pwani yetu na kubadilisha mwendo wa wiki ile.

Upande wa melini una kumbukumbu zake: daftari za meli, taarifa za skwadroni, picha. Upande wetu una nini? Hapa Gusii wamo abagaka, yaani wazee, waliotumikia King's African Rifles, na wengine Kenya Rifles baada yake. Walijua kambi, amri, mishahara na manung'uniko ya askari. Wengi wameshazikwa. Baada ya mazishi sanduku la bati la mzee hufunguliwa, watoto wanatafuta hati ya shamba, na karatasi nyingine zote, pamoja na kijitabu chake cha jeshi, zinaishia motoni. Hata pigano la Kisii la tarehe 12 Septemba 1914, lililotokea hapa hapa mjini, tunalisoma zaidi kwa maneno ya maofisa wa kigeni.

Simlaumu mtu. Naelewa kwamba ofisi zina majukumu mengi na bajeti ni finyu. Lakini kwa miaka mingi nimeomba chumba kimoja chenye kufuli, kinasa sauti na karani mmoja, na kila mara nimejibiwa kwamba ombi limepokelewa. Mzee wa miaka tisini hawezi kungoja mwaka mwingine wa fedha.

4. Mapendekezo

Kaunti zote mbili zitenge chumba cha kumbukumbu, hata kama ni ndani ya maktaba iliyopo. Kila shule ya sekondari iteue mwalimu mmoja wa kuwarekodi wazee, kwa Ekegusii, bila kuwakatiza. Karatasi za wazee zipigwe picha na kurudishwa kwa familia siku hiyo hiyo, maana familia iliyowahi kunyimwa karatasi zake haitamfungulia mlango mwalimu mwingine. Machifu na makanisa yatangaze, kabla ya mazishi na si baada yake, kwamba sanduku la askari lisichomwe. Orodha za majeshi ziendelee kufundishwa, ila kila jina liulizwe maswali mawili: ndege zilirushwa kutoka wapi, na nani alikuwa chini yake? Chuo Kikuu cha Kisii kiombwe kuhifadhi nakala za sauti. Narudia kuhusu chumba: kitengwe mwaka huu. Narudia kuhusu wazee: tuanze na walio wakongwe zaidi, hata kabla chumba hakijapatikana, kwa simu tulizo nazo mfukoni.

Fomu ya ridhaa ya familia iko mezani karibu na mlango. Walimu wa Nyamira wachukue nakala zao kabla ya chakula cha mchana, na wa Kisii baada yake, na kila mmoja aandike jina la mzee atakayeanza naye.