BEI YA WAYA WA INTANETI IMEPANDA: TUFANYE NINI?

(Hotuba iliyosemwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, katika mkutano wa tawi uliofanyika Ukunda. Inachapwa hapa kwa maombi ya wanachama wa Msambweni na Lunga Lunga ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo zamani lisingalipata nafasi katika mkutano wa chama. Watu watauliza: intaneti ina nini na chama cha wafanya kazi? Kazi yetu ni mishahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Nami najibu hivi: mshahara una milango miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Tukisimama walinzi kwenye mlango wa kuingilia tu, na ule wa nyuma tumeuacha wazi, shilingi tuliyoigombania mezani miezi minane itatoka usiku mmoja kwa ujumbe wa simu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ninyi wenye waya nyumbani, hapa Ukunda na kule Diani, mnaujua ujumbe ule. Kampuni yenyewe sitaitaja leo, kwa sababu barua yetu bado hatujaipeleka, na si haki kumhukumu mtu kabla hajaulizwa. Ujumbe ulikuja zikiwa zimebaki siku tisa mwezi uishe. Ulianza kwa kutushukuru kuwa sisi ni wateja wema. Kisha ukasema kwamba, ili tuhudumiwe vizuri zaidi, kuanzia tarehe mosi tutalipa shilingi 2,500 badala ya 2,000. Kasi ni ile ile, waya ni ule ule. Tena wiki ile ile likapita gari lao lenye kipaza sauti katika barabara ya Diani, likitangaza kwamba mteja mpya atafungiwa waya bure na atalipa 2,000 kwa muda wa miezi sita.

Basi mtu aliyekaa nao miaka mitatu bila kukosa kulipa anatozwa zaidi kuliko jirani aliyeingia jana. Kwa maoni yangu hapa ndipo watu walipochomeka moyo, kuliko hata zile shilingi 500 zenyewe. Nazo si kidogo. Shilingi 500 kwa mwezi ni 6,000 kwa mwaka, na wako kati yetu ambao nyongeza yao ya mwaka haikufika hapo.

Tena msikubali kuambiwa kwamba intaneti ni starehe ya vijana. Mwenzetu anayetandika vitanda katika hoteli ya Diani hupata zamu yake kwa WhatsApp. Asipoisoma, zamu imempita. Anayetaka cheti cha kuzaliwa au leseni anaelekezwa eCitizen. Taarifa ya kodi ya mapato lazima iingie iTax kabla ya Juni kwisha, hata kwa mtu ambaye hakupata kitu mwaka mzima. Na mgodi wa Base Titanium ulipomaliza kuchimba, Desemba 2024, watu wengi wa wilaya za huku walianza kutafuta kazi upya, na kazi siku hizi hutangazwa kwenye mtandao na maombi hupelekwa huko huko. Aliyenyimwa mtandao amenyimwa hata lango la kubishia hodi.

Sasa nitasema juu ya namna tulivyoupokea ujumbe ule, maana nimetembea nyumba nyingi na kusikiliza.

Wengi walipiga simu kwa hasira. Mmoja aliniambia kwa fahari kwamba alimtukana binti aliyepokea mpaka akakata simu. Ndugu zangu, hapa nataka kusema wazi. Nauli ya Madaraka Express ilipopanda tarehe 1 Januari 2024, daraja la kawaida kutoka Mombasa mpaka Nairobi kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500, abiria waliyamwaga maneno yao juu ya nani? Juu ya mkata tiketi, na juu ya mtu anayefagia behewa, watu ambao hawakuitwa kwenye mkutano wowote wa kupanga nauli. Yule binti wa simu ni mfanya kazi kama wewe. Ana kitabu cha majibu mbele yake na msimamizi nyuma yake, na pengine yuko kwa mkataba wa miezi mitatu. Huyo si wa kutukanwa. Ni wa kuulizwa jina la mkubwa wake na anwani ya kupelekea barua.

Wengine waliandika malalamiko katika ukurasa wa kampuni. Nilisoma mengi. Kila aliyeandika alijibiwa maneno yale yale: pole kwa usumbufu, tutumie namba yako ya akaunti kwa faragha. Watu arobaini, jibu moja! (Kicheko.) Hata yule aliyeandika kuuliza ofisi inafungwa saa ngapi alipewa pole ya usumbufu.

Wako waliokata waya wakarudia bando. Hao nawahurumia, kwa sababu hesabu yao haikupigwa sawasawa. Bando ya shilingi 50 kila siku ni 1,500 kwa mwezi. Nyumba yenye simu mbili ni 3,000, na bado mtoto hajafungua somo lake. Wako pia waliotaka kuhamia kampuni nyingine, wakakuta gharama ya kufungiwa upya, na mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe mara ya pili. Na wako walioungana nyumba nne katika uwanja mmoja wakalipa waya mmoja. Hilo lafaa kwa watu wanaoaminiana, lakini bili ina jina la mtu mmoja tu, na asipolipa mmoja huzimika wote, ndipo ugomvi unapoanza wa nani alitazama mpira usiku kucha.

Mtaona kwamba kila mmoja alifanya lake. Na kampuni haikubadili hata senti moja.

Ndugu mmoja ameniuliza, je, kosa ni la kampuni au la serikali? Ni swali zuri. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 uliwekwa juu ya intaneti mwaka 2018. Julai 2021 ukapandishwa kuwa asilimia 20. Mwaka 2023 ukateremshwa tena kuwa 15. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka kuurudisha kwenye 20, lakini mswada ule, kama mnavyokumbuka, ulikataliwa barabarani na vijana, na tarehe 26 Juni 2024 Rais akasema hatautia sahihi. Juu ya ushuru huo kuna VAT. Kwa hiyo ni kweli, sehemu ya kila shilingi unayolipa haikai kwa kampuni. Lakini ninachowaomba ni hiki: nendeni nyumbani mkatafute risiti zenu za mwaka 2021 na za mwaka 2023. Ushuru ulipopanda, bei ilipanda? Ulipoteremka, bei iliteremka? Kila mtu atazame yake. Mzigo ukipandishwa juu ya kichwa chako siku ya kodi, wapaswa kuteremshwa siku kodi inapoteremka.

Jambo jingine ni la mahali tulipo. Waya za baharini TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na kabla yake nchi ilitegemea setilaiti, tena kwa bei ya kutisha. Nyingine zimefika baadaye. Mombasa ndiyo mlango wa intaneti ya Kenya, na sisi tuko ng'ambo ya Likoni tu. Lakini nenda Kinango, au ndani kidogo ya Msambweni, utafute waya wa nyumbani. Tumekuwa kama mtu ambaye kisima kiko uani kwa jirani naye hununua maji ya mkokoteni. Na waya za bahari zinapokatika, sisi pia tumo: tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy ziliharibika pamoja, mtandao ukawa wa kutambaa siku kadhaa Afrika Mashariki nzima. Nani hapa alipunguziwa bili ya mwezi ule? Sioni mkono.

Sasa tufikie penye mafunzo. Mwaka 2021 Safaricom iliweka kikomo cha matumizi kwa faiba ya nyumbani: ukipita kiasi fulani, kasi inapunguzwa mpaka mwezi mwingine. Kelele zilikuwa kubwa nchi nzima. Kikomo kilibaki. Lakini tazameni Septemba 2024. Kampuni ile ile iliongeza kasi kwa bei ile ile: aliyelipa 2,999 kwa megabiti 10 akapewa 15, wa 4,100 akatoka 20 akapewa 30, na wa 6,299 akatoka 40 akapewa 80. Kwa nini? Je, walituonea huruma ghafula? Starlink ya Marekani ilikuwa imeingia Kenya Julai 2023, na Agosti 2024 ikaanza kukodisha chombo chake kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, badala ya mtu kukinunua kwa makumi ya maelfu. Kabla ya hapo, Julai 2024, Safaricom ilikuwa imeiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka wenye setilaiti wafanye kazi kwa kupitia kampuni zilizo na leseni hapa nchini. Mimi naona jambo ni wazi. Mteja akiwa na mahali pengine pa kwenda, muuzaji husikia hata akinong'onezwa.

Wengine mtasema, basi sote tuhamie kwa huyo wa angani. Polepole. Novemba 2024 yeye naye alifunga mlango kwa wateja wapya wa Nairobi na kaunti za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa, na ukafunguliwa Juni 2025. Na leo mgeni, kesho mwenyeji. Akishazoea naye atatuma ujumbe wa kutushukuru kuwa wateja wema.

Katika kikao cha mwisho ndugu mmoja alitaka tukate waya wote siku moja. Sikatai. Lakini babu zetu wa gati na reli walipogoma Mombasa Januari 1947, siku kumi na mbili mji ukasimama, walijua ni maelfu. Baadaye lilipokaa baraza la Jaji Thacker, kilichopimwa pale ni mshahara na gharama ya maisha, yaani hesabu. Sisi leo hatujui hata tuko nyumba ngapi kwenye waya huu. Tukiwa thelathini tukakata, kampuni haitahisi, watahisi watoto wetu. Tukiwa mia tatu ni habari nyingine. Kwanza tuhesabiane.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekubali jambo moja, nami nimetumwa kuwaeleza. Tutaandika barua moja, yenye majina na namba za akaunti zetu zote, na katika barua hiyo tutaomba mambo matatu. Tupewe habari siku 30 kabla ya bei kupanda, si siku tisa. Mteja wa zamani auziwe kwa bei ile ile inayotangazwa kwa mteja mpya. Na siku ambazo waya haukufanya kazi zikatwe kwenye bili. Hatuombi bure. Hatuombi wasipate faida. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nayo. Nimeambiwa na watu wanaojua sheria kwamba lazima lalamiko lianze kwa kampuni yenyewe. Wasipolitengeneza, ndipo tunalipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, tukiwa na nakala ya barua na tarehe ya kupokewa. Ndiyo maana makelele ya simu hayafai kitu. Hayana nakala.

Nataka kuongeza neno juu ya wale wasio na waya, hasa ndugu wa Msambweni na wa bara. Msiseme hili si lenu. Barua ya pili itakwenda kwa wawakilishi wetu wa kaunti na kwa mbunge, kuuliza waya utafika lini kwenye shule na zahanati, na ninyi ndio mtakaotia sahihi kwanza.

Karatasi ya majina iko kwa Bwana Katibu hapa mezani, na nyingine itakuwa katika duka la fundi viatu karibu na stendi ya Ukunda mpaka Jumamosi ijayo. Njoo na bili ya mwezi uliopita na ya mwezi huu. Asiye na karatasi aonyeshe ujumbe wa simu, katibu atauandika. Mwenye kuogopa jina lake kuonekana aniambie mimi, tutaweka namba ya akaunti peke yake. Wanaofanya kazi katika kampuni ile, nao wamo chamani wawili, wasiombwe kutia sahihi na mtu yeyote. Nasikia kuna swali huko nyuma. Karibu, ndugu.