Fundi wa Maneno Bungeni: Mtindo wa Mbunge wa Dagoretti Kusini

Hapa Mutuini tumezoea kumpima mbunge kwa barabara na basari. Leo naomba tumpime kwa ulimi.

John Kiarie, ambaye wengi mnamwita KJ, alichaguliwa Dagoretti Kusini mwaka 2017 na kurejeshwa 2022. Awali alikuwa mmoja wa watatu wa Redykyulass, pamoja na Walter Mong'are na Tony Njuguna, kundi lililothubutu kumwigiza Rais Moi runingani angali madarakani. Vichekesho vile viliishi kwa kuchanganya: Kiingereza cha wakubwa, Kiswahili cha mlinzi wa lango, Sheng' katikati, na lafudhi za kila pembe ya nchi.

Bungeni mtaji huo haulipi. Katiba, kifungu cha 120, inaruhusu Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini Kanuni za Kudumu zinamtaka mbunge amalize hotuba kwa lugha aliyoanza nayo. Ukishasema "Mheshimiwa Spika, ahsante", umejifunga mpaka ukae chini.

Anabaki na nini, basi? Anabaki na ufundi wa kujenga mhusika, ila sasa mhusika ni yeye mwenyewe: mjuzi wa habari na picha. Uenyekiti wake wa kamati ya mawasiliano, habari na uvumbuzi unampa mhusika huyo uzito. Anataja fani, anaeleza inavyofanya kazi, na hoja inafika wakati msikilizaji ameshakubali kwamba anayeongea ni fundi. Mpangilio mzuri huo, sina kinyongo nao.

Juni 2024 mpangilio huo ulimgeuka. Mswada wa Fedha ulikuwa mezani, vijana wamefurika barabara za katikati ya jiji, naye akadai kwamba baadhi ya picha za maandamano zilizosambaa mitandaoni zilitoka Ghana. Sasa, hoja ya aina hii humtegemea msikilizaji asiye na njia ya kuihakiki. Hawa vijana ndio waliopigwa hizo picha! Na wengine ndio waliozipiga.

Jukwaani, mzaha ukidoda unajua papo hapo, maana ukumbi unanyamaza. Bungeni, kifungu cha 117 kinamkinga msemaji, na Kumbukumbu Rasmi huandika kwenye mabano makofi na vicheko vya waliomo ukumbini. Kicheko cha barabarani hakina mabano. Tarehe 25 Juni mswada ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi.

Kwa kazi ya vikundi, naomba kila kundi lichukue hotuba moja ya KJ kutoka Kumbukumbu Rasmi, lipige mstari pale anapotaja ujuzi wake na pale ushahidi unapoanza. Kisha tuhesabu sentensi zilizo katikati.