Kuwatunza Wazee Wetu Majumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Gashonga)



Himda zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Nimeombwa niseme juu ya haki za wazazi. Jambo hili nimelihubiri mara nyingi hapa na katika misikiti mingine ya wilaya yetu ya Rusizi, na naamini kwamba kila mmoja wenu aweza kunitajia aya na hadithi zake kabla mimi sijazitaja. Basi leo, kwa idhini yenu, nitasema juu ya maji, sabuni, godoro, kikombe na kiti. Na kwanza nitawaeleza sababu yake.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ya mdogo wangu, huku kwetu milimani. Mimi wakati huo nilikuwa nikifundisha Kamembe. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mdogo wangu fedha kwa simu, na kila nilipopata nafasi nilipanda pikipiki nikaja kumwamkia mama. Nilikaa karibu naye kiasi cha saa moja, nikamwombea dua, kisha nikarudi zangu. Nilijiona mwana mwema.

Siku moja nilifika bila ya kutoa habari. Nilimkuta mke wa mdogo wangu akimgeuza mama kitandani, peke yake, na mtoto mchanga mgongoni. Nikaona kwenye kisigino cha mama kidonda kilichoingia ndani. Nikapandwa na hasira, nikasema, "Mbona hamkuniambia?" Yule bibi akaniinamia kwa heshima, akasema, "Shemeji, kila ulipokuja ulimkuta amekwisha oshwa na kufunikwa kanga safi. Hukuuliza hata siku moja ni nani aliyemwosha."

Sikuwa na jawabu. Nikataka kusaidia, nikamshika mama mkono ili nimvute, naye akalia kwa maumivu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimehubiri haki za mama kwa miaka mingi, ilhali sikujua namna ya kumgeuza mama yangu mwenyewe ubavu.

Ndugu zangu, katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ametukataza tusiwatolee wazazi wetu hata mguno wa kuchoka pindi wafikapo uzeeni. Sote twaijua amri hiyo. Lakini je, mguno huo hutoka lini? Hautoki mchana mbele ya wageni. Hutoka usiku wa manane, shuka linapobadilishwa mara ya tatu, na mtu anayelibadilisha amelima tangu asubuhi na hana wa kumpokea. Basi ikiwa sisi tumemwachia mtu mmoja kazi yote, na hatukumfunza wala hatukumpumzisha, mguno ule ukitoka kinywani mwake tutaulizwa sisi pia. Amri hii hailindwi kwa ulimi peke yake. Hulindwa kwa kujua kazi na kuigawa.

Haya nitakayoyasema sasa nilifunzwa na yule shemeji yangu, na waganga wa hospitali, na abajyanama b'ubuzima wa kijiji.

Kwanza, mzee asiyeweza kujigeuza yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, ubavu huu na ubavu huu. Usimburure, kwa maana ngozi ya mzee ni nyembamba na huchubuka upesi. Mweleze kwanza unalotaka kufanya, kisha mkunje goti, weka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, umviringishe polepole kuelekea kwako. Kila siku tazama visigino, nyonga, viwiko na sehemu ya chini ya mgongo. Ukiona mahali pamebadilika rangi au pana moto kuliko pengine, usipasugue, bali mlaze ubavu mwingine, na umwarifu mganga mapema. Weka mto au nguo iliyokunjwa chini ya miundi, ili visigino vielee visiguse godoro. Shuka liwe kavu, lisiwe na mikunjo wala makombo ya chakula.

Pili, maji. Mtu akizeeka hisia ya kiu hupungua, hata mwili wake ukikosa maji yeye hahisi. Usingoje aombe. Mpe kidogo kidogo mchana kutwa, kikombe kiwe karibu na mkono wake. Wako wazee wanaokataa kunywa kwa kuwa wanaona haya kuomba kupelekwa chooni. Huyo anahitaji msaada wa choo, na akiupata atakunywa.

Tatu, chakula. Mzee asilishwe akiwa amelala. Mwinue akae wima, mpe vijiko vidogo, ungoje ameze kabla ya kumpa kingine, na baada ya kula abaki amekaa kwa nusu saa, chakula kisije kikaenda njia ya pumzi. Asiye na meno haina maana kwamba ale uji mtupu. Maharagwe yaliyopondwa, sambaza wa Ziwa Kivu waliosagwa, ndizi zilizoiva, mchele wa Bugarama uliopikwa ukalainika, vyote hivyo huleta nguvu. Na kinywa kisafishwe kila siku, hata kama jino limebaki moja.

Nne, kuanguka. Mzee akivunjika nyonga huenda asisimame tena. Basi ondoa majembe na madumu mlangoni, kausha sakafu, acha taa ndogo usiku, mpatie fimbo imfaayo kwa urefu. Njia ya chooni funga kamba au mti wa kushikia, kwa maana milima yetu huteleza wakati wa mvua. Asiyeweza kufika chooni, seremala atoboe kiti cha mbao na kuweka ndoo chini yake. Hii ni kazi ya siku moja, nayo humrudishia mtu heshima yake.

Tano, dawa. Dawa ya shinikizo la damu haiachwi kwa sababu mtu amejisikia vizuri leo, wala haigawanywi na jirani. Na mkiona ghafula mdomo umepinda upande mmoja, au mkono mmoja umelegea, au maneno yanamtoka kwa shida, msingoje kupambazuke. Kumbukeni saa yalipoanza, mkamkimbize hospitali. Mibilizi hapa kwetu si mbali, na mituweli ya mzee ilipwe mapema, isingojwe siku ya ugonjwa.

Sita, kusahau. Mzee akiuliza neno moja mara kumi, au akimwita mjukuu wake kwa jina la ndugu aliyekwisha kufa, huo ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi wala laana. Usimbishie wala usimcheke. Mjibu mara ya kumi kama ulivyomjibu mara ya kwanza. Lakini akichanganyikiwa ghafula kwa siku moja au mbili, huenda ana homa au upungufu wa maji, naye apelekwe kwa mganga.

Yapo na ya ibada. Mwenye kushindwa kusimama na asali akiwa amekaa, na mwenye kushindwa kukaa na asali amelala. Ambaye maji yatamdhuru atayamamu. Mkongwe asiyeiweza saumu, wala hana tamaa ya kuiweza baadaye, hutolewa kibaba cha chakula apewe maskini kwa kila siku. Tusiwaache wazee wetu wakidhani kwamba Mwenyezi Mungu hawataki tena kwa sababu miili yao imechoka. Mwambieni mzee saa za sala, mwelekezeni kibla.

Sasa nina neno na wanaume. Huenda baba mzee akaona haya kuoshwa na mke wa mwanawe, na haya yake ni ya haki. Aibu ya baba isitirike kwa mikono ya wanawe wa kiume. Tunao katika jumuiya hii watu waliojifunza kuosha maiti, nao wajua jinsi ya kumwinua mtu taratibu, jinsi ya kufunika kitovu hata magoti, jinsi ya kumimina maji bila ya kutazama kisichofaa kutazamwa. Sote twawaheshimu kwa ujuzi huo. Je, yafaa tujue kumwosha mzee siku moja tu, siku ambayo hahisi tena baridi ya maji?

Mwakumbuka kisa cha mtu aliyemwendea Mtume kutaka ruhusa ya jihadi. Aliulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema wako hai, akaelekezwa afanye jihadi yake kwao. Mimi nilikisoma kisa hicho nikiwa kijana, nikadhani maana yake ni kuwatii. Sasa naona kwamba mtu yule alirudishwa nyumbani, ndani ya nyumba hasa, kwenye maji na kitanda.

Nchi yetu yajua uchungu wa mzee asiye na mtu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaacha akina mama na akina baba ambao watoto wao wote waliuawa. Wazee hao wamejengewa nyumba za Impinganzima, huko Huye, Bugesera, Nyanza na hapa kwetu Rusizi, wapate kuishi pamoja na kutunzwa. Hilo ni jambo jema. Nami hujiuliza: aliyeachwa bila ya mtoto amejengewa nyumba, basi yule mwenye watoto watano walio hai, na yuko peke yake katika chumba cha nyuma, atajengewa na nani?

Kwa hiyo naomba jumuiya hii ifanye mambo matatu. La kwanza, tuwaombe abajyanama b'ubuzima waje baada ya sala ya Ijumaa, watuonyeshe kwa mikono namna ya kumgeuza na kumlisha mzee, wanaume mahali pao na wanawake mahali pao. La pili, tuchange mbao na ufundi, tutengeneze viti vya choo kwa kila nyumba yenye mzee asiyejiweza, bila ya kuuliza kama ni Mwislamu au si Mwislamu, maana haki ya jirani haina ubaguzi. La tatu, kila anayemtunza mzee apate alasiri moja kwa juma ya kupumzika, na majirani wapokezane kukaa mahali pake. Na ndugu walio mbali, pamoja na fedha wanazotuma, waje walale usiku mmoja kwa mwezi, wajionee.

Mimi nilipata miezi saba tu. Nilibadili masomo yangu ya Kamembe, nikawa nalala kwa mdogo wangu siku za Alhamisi na Ijumaa. Kumwosha mama ilikuwa kazi ya shemeji. Kugeuza, kulisha, na kufua shuka za usiku ilikuwa yangu. Kile kidonda kilipona kabla ya mama kufariki. Sijui kama hayo yatafuta yaliyotangulia. Lakini najua kwamba nyinyi ambao wazazi wenu wako hai hamjachelewa kama nilivyochelewa mimi. Mtakapofika nyumbani leo, kabla ya kuamkia, tazameni visigino vyao.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya walio hai, na awalipe kheri wale wanaoamka usiku kwa ajili yao. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.