Taarifa za Ugonjwa Zifike Mwaloni

Msikilizaji, Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Maji safi na vyoo havikutosha, kipindupindu kikalipuka. Wagonjwa walifika takriban 3,000 na watu 31 wakafa, wengi wao wakimbizi. Meli ya MV Liemba ikawavusha wakimbizi hadi Kigoma mjini.

Miaka mitano baadaye ikaja UVIKO-19. Hadi mapema Mei 2020 Tanzania ilikuwa imetangaza wagonjwa 509, kisha takwimu zikakoma kwa zaidi ya mwaka. Penye ukimya, uvumi hujitangaza wenyewe.

Hata taarifa zikitolewa, si wote huzipata: mvuvi wa dagaa huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Tangazo lililobandikwa ofisi ya kata halimfikii. Limfuate kwenye mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, kwa kipaza sauti, kupitia mwenyekiti wa mtaa na mhudumu wa afya ya jamii. Liseme mambo matatu: ugonjwa uko wapi, maji yaliyotibiwa yanapatikana wapi, na mgonjwa apelekwe kituo gani. Halmashauri zisisubiri mlipuko ndipo zipange nani atasema, wapi na saa ngapi.