Diski Iliyotolewa Katika Hifadhi ya Mtandao

(Mazungumzo kwa makatibu wa vyama, Isaka)



Kontena linaloshushwa kutoka behewani katika bandari kavu ya Isaka, ili lipakiwe lorini kwenda Rwanda au Burundi, halihesabiwi kuwa tupu eti kwa kuwa aliyelipokea hana ufunguo wake. Diski nayo ni vivyo hivyo.

Hifadhi ya mtandao ni kasha lenye diski moja au zaidi, ambamo kompyuta zote za ofisi huweka kumbukumbu: uzito wa pamba, malipo, hisa. Kasha likiungua, huenda diski ikabaki nzima. Lakini makasha mengi huandika kwa mpangilio wa Linux, ambao Windows kwa kawaida haiusomi. Katibu akiichomeka diski hiyo katika kompyuta ya Windows, huweza kuulizwa kama anataka kuifomati. Akikubali, amelitia daftari la wanachama hatarini, na mkulima anayedai fedha zake hana pa kuonyesha haki yake. Jibu ni hapana.

Kila diski ipewe namba ya nafasi yake kabla ya kuchomolewa. Fundi aitoe nakala nzima kwanza, kisha aisome nakala hiyo kwa Linux, pasipo kuandika lolote juu ya ile ya asili. Diski mbili zilizoandikwa sawasawa, kila moja ina kumbukumbu zote. Tatu zilizogawana maandishi, moja peke yake haitoshi. Diski inayotoa mlio wa kugonga isiwashwe tena, bali ipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo. Na stakabadhi za mizani zisichomwe moto kwa sababu tu kompyuta imeingia ofisini.