Njia za Miguu katika Hifadhi ya Twiga ya Bour-Algi: Je, Zisakafiwe?



Suala nililotakiwa kulizungumza, la kuzitia au kutozitia lami na saruji njia za miguu ndani ya Hifadhi ya Twiga ya Bour-Algi, ambayo jamii iliianzisha mwaka 1995 kusini mwa mji huu wa Garissa, huonekana dogo kwa aliyezoea kudhani kuwa njia ni milki ya binadamu peke yake. Lakini kwa mfugaji wa ukingo wa Mto Tana, ambaye njia iliyo na thamani kubwa kwake ni malka, ile inayoshuka mtoni na kupitiwa na mifugo na wanyama wa mwitu pia, suala hili haliwezi kutengwa na suala la maji.

Wanaotaka sakafu hawatamani anasa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa kadiri inayofaa, na mzee wa magongo au kijana wa kiti cha magurudumu hawezi kuambiwa kwamba twiga ni wa wenye miguu mizima tu. Hoja hii naikubali, wala sioni hila ya kuikwepa kwa insafu.

Ila tutazame tabia ya nchi yenyewe. Lami hufyonza jua, na jua la Garissa halihitaji msaidizi. Saruji huyakataa maji ya mvua, yakakimbilia kingoni na kuchimba makorongo, hasa katika mafuriko kama yale ya mwaka 1997 na 2023. Na udongo mweusi wa bonde la mto, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, huivunja sakafu nyembamba kabla deni la mkandarasi halijalipwa. Isitoshe, njia ngumu haichagui mpitaji: leo imewekwa kwa mtalii, kesho inapitiwa na pikipiki ya mchoma makaa na ya mwindaji haramu.

Wala njia ya udongo si aibu: Karura, msitu ulio ndani ya jiji la Nairobi ambao marehemu Profesa Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999, umezungukwa na mitaa ya matajiri, na hata hivyo njia zake aghlabu ni za udongo na murram, na watu hawaachi kumiminika humo. Nashangaa basi kwa nini sisi, tulio na fedha chache zaidi, tudhani kwamba ustaarabu hupimwa kwa mifuko ya saruji.

Na fedha ndiyo kiini. Mwezi wa Desemba 2021 twiga sita walikufa katika hifadhi ya Sabuli, kaunti jirani ya Wajir, baada ya kunasa katika tope la bwawa lililokaribia kukauka, wakiwa wamedhoofika kwa ukame. Hawakuuawa na ubaya wa njia, bali na uchache wa maji. Hela zitakazozikwa chini ya kabro, yale matofali ya saruji ya kupanga, ni hela zilizoweza kuchimbua silanga, yaani bwawa la kunyweshea mifugo, au kuikomboa malka iliyozibwa na mashamba na miti vamizi ya mathenge.

Kwa hiyo shauri langu ni kuwa kisakafiwe kipande kifupi tu, kutoka langoni hadi penye kivuli ambapo twiga huonekana, na kisakafiwe kwa kabro juu ya mchanga, zinazoweza kung'olewa na kupangwa upya ardhi ikihama, pawe na mteremko wa wastani kwa ajili ya viti vya magurudumu. Kwingineko itoshe murram, na mawe yapangwe pale tu maji yanapokata njia. Malka zisiguswe hata kwa jiwe moja. Na kabla ya kamba ya kwanza kuvutwa, wachungaji waitwe waonyeshe zinapopita, maana ramani za afisini, kwa uzoefu wangu, hazizioni.