Tutajuaje Kwamba Mradi Umesaidia?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za diakonia za sharika, katika semina ya tathmini ya huduma ya ushauri nasaha



Nimepewa saa moja kuzungumzia tathmini, na naona baadhi yenu mmeshaanza kuulizia chai. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na vikundi vya ushauri kwa wajane. Mwezi Februari tulipita nyumba kwa nyumba na dodoso, tukawauliza kuhusu usingizi, huzuni, hamu ya kula na mawazo. Mwezi Julai tukarudi na dodoso lile lile. Majibu yalikuwa mazuri ajabu. Nikaandika taarifa kwa wafadhili kwamba ushauri umeleta mabadiliko makubwa, na tukaweka picha za kina mama wakicheka. Kabla taarifa haijasomwa na wengi, mama mmoja mjumbe wa kamati akanivuta pembeni: "Mratibu, Februari ulitukuta hatuna kitu ndani. Julai umetukuta mahindi yako darini. Ulitaka tuwe bado tunalia?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sijui kama vikundi vile viliwasaidia wajane wale au la. Inawezekana vilisaidia sana. Lakini kwa namna nilivyopima, sitaweza kujua kamwe, kwa sababu mavuno na ushauri vilikuja pamoja na sikuacha njia yoyote ya kuvitenganisha. Wataalamu wa saikolojia wanalo neno kwa jambo hili: uhalali wa utafiti. Maana yake ni kuuliza kama tunachokisema kimetokana kweli na kile tulichokifanya, na kama tulichokipima ndicho tulichodhani tunakipima.

Mtaniambia: Mratibu, si tuwaulize watu wenyewe? Mtu akisema amesaidika, wewe ni nani umbishie? Nami nilidhani hivyo mpaka niliposoma habari za mradi mmoja wa Marekani, ambao naomba tukae nao kidogo.

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville jimboni Massachusetts, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana wadogo ili wasije wakawa wahalifu. Mwanzilishi wake alikuwa daktari aitwaye Richard Clarke Cabot. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili, kila mmoja na mwenzake anayefanana naye kwa umri, familia na mazingira. Kisha ikarushwa sarafu: mmoja akaingia kwenye mradi, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Walioingia walipewa mshauri aliyewatembelea nyumbani, kwa wastani mara mbili kwa mwezi, kwa muda wa miaka 5 hivi. Walisaidiwa masomo, walipelekwa kwa waganga, baadhi wakapelekwa kambi za likizo, wakahimizwa kwenda kanisani. Ndugu zangu, ukiusoma mradi ule utadhani umeandikwa na idara yetu. Ulifungwa mwaka 1945.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wavulana wale, sasa watu wazima, akachapisha matokeo mwaka 1978. Theluthi mbili ya waliokuwa kwenye mradi walisema uliwasaidia. Walikumbuka washauri wao kwa upendo. Kama McCord angeishia hapo, angeandika taarifa kama ile yangu, na picha juu. Lakini alikuwa na wale wenzao walioachwa nje kwa sarafu, akalinganisha. Kwa uhalifu wa kwanza hapakuwa na tofauti ya maana. Lakini waliosaidiwa ndio waliorudia uhalifu zaidi, ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za ulevi, na ndio waliokufa mapema zaidi. Hapakuwa na kipimo kilichoonyesha kwamba mradi umewanufaisha. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba madhara yaliwaangukia hasa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Nilipousoma utafiti ule sikulala vizuri. Washauri wale walikuwa watu wema, na shukrani waliyopata ilikuwa ya kweli. Mtu hushukuru kwa kutembelewa, na anayo haki. Ila yeye anayajua maisha aliyoishi tu. Yale ambayo angeishi bila mradi hayajui, wala sisi hatuyajui. Njia pekee ya kuyakaribia ni kumtazama mwenzake anayefanana naye ambaye hakuupata.

Nisiwaache na huzuni. Upo mfano wa karibu zaidi. Miaka ya mwanzo ya 2000, katika wilaya za Masaka na Rakai huko Uganda, si mbali na mpaka wetu wa Mutukula, Paul Bolton na wenzake walifanya utafiti juu ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha. Shirika la Kikristo la World Vision lilishiriki. Vijiji vilikuwa 30. Kwa bahati nasibu, vijiji 15 vilipata vikundi vya mazungumzo vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, na 15 havikupata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003.

Naomba msikilize namba hizi taratibu. Kwenye vijiji vyenye vikundi, kabla ya kuanza, asilimia 86 ya washiriki walikuwa na sonona. Baada ya vikundi, asilimia 6.5. Halleluya, mradi umefaulu. Sasa tazama vijiji visivyopata kitu: kabla, asilimia 94, baadaye, asilimia 54.7. Wamepungua karibu 40 katika kila 100 bila mratibu, bila mwezeshaji, bila soda ya semina! Mtu unapomchagua yuko kwenye hali mbaya kabisa, mara nyingi siku zikipita atapanda kidogo, hata usipomgusa. Kama vijiji hivi vya pili visingekuwepo, unafuu huo wote ungeandikwa kwenye hesabu ya mradi. Kwa kuwa vilikuwepo, tunajua kwamba vikundi viliongeza unafuu mwingine mkubwa juu ya ule uliokuja wenyewe. Hiyo ndiyo taarifa ninayotamani kuiandika siku moja.

Watafiti wale walifanya jambo jingine ambalo sisi tuliliruka. Hawakuanza na dodoso la Ulaya. Kwanza waliwauliza wanakijiji matatizo yao wanayaitaje, wakapewa majina mawili ya Kiganda, moja lenye maana ya kujichukia na jingine la kujihurumia. Kutoka hapo ndipo walipotayarisha kipimo. Sisi tulichukua dodoso la Kiingereza tukalitafsiri ofisini usiku mmoja. Swali moja lilisomeka, "Je, unajisikia uko chini?" Bibi mmoja akatujibu kwa upole, "Hapana mwanangu, niko kwenye kigoda." Tulicheka, na jibu tukaliandika: hana huzuni. Alikuwa amezika mtoto mwezi uliopita.

Na nani anauliza? Mkimtuma mchungaji wa usharika, au mshauri mwenyewe, kumuuliza mjane kama ushauri umemfaa, atasema umemfaa. Huo si uongo, ni heshima. Safari hii watakaouliza watatoka usharika mwingine, nao hawataambiwa nani yuko kwenye kikundi na nani hayuko.

Kuhusu kama matokeo ya Rakai yatafaa pia mjini kwetu, au kwa vijana wa bodaboda, sina muda leo. Jibu fupi ni kwamba hatuwezi kudhani tu, inabidi tupime.

Nirudi kwenye jambo lililotuleta. Sharika 8 zimeomba vikundi vya ushauri. Washauri tulionao, waliofundishwa vizuri, wanatosha sharika 4. Napendekeza kwamba zitakazoanza zipatikane kwa kura, na 4 zilizobaki zianze baada ya miezi 6, zikiwa zimeulizwa maswali yale yale wiki zile zile. Njaa ikija itazipata zote, mavuno vilevile.

Jana jioni mzee mmoja aliniuliza kama tunataka kuwafanya waumini panya wa maabara. Ni swali zito na namheshimu kwa kuliuliza. Jibu langu ni kwamba sharika 4 zitasubiri hata tusipopima chochote, kwa sababu washauri hawatoshi. Tunachoamua ni nani asubiri: ambaye mchungaji wake anajua kupiga simu dayosisini, au ambaye kura imemwangukia. Mathiya alipatikana kwa kura, na sijasikia mtu akilalamika kwamba mitume walimfanyia majaribio. Mkitaka kundi linganishi la kwenye Biblia, msomeni Danieli sura ya kwanza, siku 10 za vyakula vya mimea na maji, wakalinganishwa na vijana waliokula chakula cha mfalme. Ila wale vijana wanne walijichagua wenyewe, na Mungu alikuwa upande wao, kwa hiyo kama mtafiti ningekuwa na maswali.

Yapo masharti mawili ambayo sitayalegeza. Mtu yeyote, kwenye usharika wowote, atakayeonyesha dalili za kutaka kujiua hasubiri kura wala miezi 6. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na gharama ya usafiri ni ya mradi. Na kila anayeulizwa ataelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba anaweza kukataa na asinyimwe huduma yoyote ya kanisa.

Ikitokea kwamba sharika zenye vikundi na zisizo na vikundi zinalingana, nitaiandika hivyo, nitaisaini, na nitaipeleka kwa wafadhili. Nimeshamwambia Katibu Mkuu. Aliguna, kisha akakubali.

Karatasi 8 ziko kwenye kikapu hiki hapa mbele. Tukitoka chai, nawaomba mama wa kila usharika aje achukue moja, na Mkuu wa Jimbo azifungue mbele yetu sote.